Uliza Anti: Unarudi kutoka Italia? Usifunge akaunti bado

Wasomaji wangu, mwezi huu sanduku la maswali limejaa Italia tupu na si ajabu, ni Julai, ndio wakati wengi kule wanatetea thesisi huku wakiangalia tiketi ya kurudi Nairobi. Nimechagua barua chache na zingine nimezikata maana nyinyi watu mnapenda salamu, mtu anaanza na kuuliza hali ya ng'ombe mpaka afike kwa swali lenyewe chai imepoa. Haya twende.

ANTI, NIANZIE WAPI?

Anti habari yako. Mimi ni msichana wa Umoja, nimekua Bologna miaka miwili nikifanya mastazi, natetea katikati ya Julai alafu tiketi yangu ni tarehe 20 Agosti. Nilikua nimepanga Julai ikiisha nizunguke kidogo, nione Venezia na Napoli juu hii miaka yote nimekua nikisoma na kuosha vyombo kwa restoranti, lakini sahii nikiandika vitu za kufanya naona karatasi imejaa mpaka nyuma. Mama mwenye nyumba anasema caparra yangu, ile depositi ya miezi miwili, atanirudishia "baadaye" na ati lazima akate ya kupaka rangi. Skolaship ya mkoa imebaki awamu moja haijaingia. Nilikua nataka kufunga akaunti ya benki wiki hii nimalizane nao. Diploma yenyewe wanasema haitakua tayari kabla nisafiri. Na huku nyumbani grupu ya familia kwa WhatsApp imeanza kunitumia saizi za viatu, Anti, saizi za viatu, mpaka binamu sijamwona tangu niko praimari, na mimi euro zangu nahesabu moja moja. Nianzie wapi?
Mtoto wa Umoja, Bologna

Mtoto wa Umoja, hongera na pole, pokea zote. Tuanze na hio kalenda yako juu naona umeipanga kinyume. Agosti Italia inafunga, na sio kufunga ya kusema wamepunguza masaa, ni kufunga. Tarehe 15 ni sikukuu yao ya Ferragosto, na siku za kabla na baada yake utapata mlango wa ofisi una karatasi imeandikwa chiuso per ferie, anayepiga muhuri yuko likizo, wa kusoma mita yuko likizo, na mama mwenye nyumba atakua Rimini kwa mchanga simu iko ndani ya kibeti. Kwa hivo chochote kinachotaka sahihi ama muhuri wa mtu, kifanye Julai, hata kama ni siku mbili baada ya kutetea na bado una usingizi. Venezia itakungoja, enda Agosti, utatoka jasho lakini treni zinatembea.

Caparra sasa. Sheria yao ya 1978 inasema depositi ya nyumba isizidi kodi ya miezi mitatu, kwa hivo miwili yako haina shida, kazi ni kuipata. Toa kontrakti uiangalie vitu viwili. Cha kwanza, imesajiliwa kwa Agenzia delle Entrate, ofisi yao ya ushuru, ama ilikua ya kuelewana tu? Kama imesajiliwa una mahali pa kusimama. Cha pili, preavviso, yaani notisi ya kuhama, ni ya miezi mingapi na inatumwa aje, maana kontrakti nyingi zinataka raccomandata, ile barua ya posta unarudishiwa risiti, sio voisnoti ya WhatsApp. Kama ulikua bado hujatuma, weka hili gazeti chini uende posta kwanza alafu urudi tuendelee.

Umerudi? Sawa. Hio ya rangi asikubabaishe. Kifungu cha 1590 cha sheria yao ya kiraia kinasema mpangaji anarudisha nyumba kama alivyoipata, ukitoa kuchakaa kwa matumizi ya kawaida. Ukuta kufifia miaka miwili ni matumizi ya kawaida. Mashimo ya misumari ya ile rafu uliweka ni yako, nunua stucco uzibe, ni pesa kidogo. Siku ya kurudisha funguo piga picha kila chumba, piga picha mita ya stima na ya gesi namba zionekane, alafu muandike karatasi fupi ya makabidhiano nyote mtie sahihi, na ndani yake iandikwe pesa ngapi inarudi, lini, kwa IBAN gani, yaani namba ya akaunti. Akianza kukuzungusha mwambie kwa heshima utauliza SUNIA, hicho ni chama cha wapangaji, kuna wenye nyumba wakisikia hilo jina tu wanakumbuka mahali pesa iko.

Na hapo kwa IBAN ndio nataka uniskize vizuri. Usifunge akaunti. Najua inahisi kama usafi, kwamba unatoka Italia umefagia kila kitu, lakini depositi itaingia wapi? Hio awamu ya skolaship itaingia wapi? Ukifunga leo, kesho ofisi ya skolaship inatuma pesa kwa akaunti imekufa, inarudi kwao, na wewe uko Umoja unaandika imeili za Kiitaliano usiku. Enda benki uwaambie unahama nchi, uliza akaunti itakugharimu pesa ngapi kwa mwezi ukiwa nje na utaifunga aje ukiwa mbali, wakupe kwa maandishi, alafu uiache hai mpaka senti ya mwisho iingie. Na laini ya simu ni hivohivo, zile namba za siri za benki za kuthibitisha zinakuja kwa namba ya Italia, kwa hivo hio laini ibebe, iweke kredo kidogo mara moja moja isikatwe, ama ubadilishe namba kwa benki ukiwa bado kule. SPID yako, ile ya kuingia mitandao ya serikali yao, pia usiifute. Imeili ya chuo usiitegemee, hamisha kila kitu muhimu kwa imeili yako ya kawaida wiki hii, thesisi, risiti, barua za profesa, zote.

Ile unafaa kufunga ni ya manispaa. Kama ulijiandikisha ukaaji kwa Comune, waambie umehama nchi, na ulizia hio kodi ya takataka TARI ilikua kwa jina la nani, juu watu wengi wanafikiri wameondoka alafu bili inaendelea kukua kwa jina lao.

Diploma. Ile kubwa ya kutundika ukutani, pergamena, mara nyingi inachukua miezi kutoka, kwa hivo usiingoje na usilie. Ile unahitaji kabla hujapanda ndege ni certificato ya kuonyesha umehitimu pamoja na orodha ya mitihani yote na alama, na uwaambie wazi ni ya kutumia nje ya nchi, juu zile za kawaida zinawekwa kastempu ya kusema haiwezi kutumika kwa ofisi za serikali ya Italia na mtu wa hapa Nairobi akiiona anaweza kukushuku bure. Kuna stempu ya marca da bollo ya euro 16, ilipe. Alafu uombe Diploma Supplement, hio inatoka na Kiingereza na inaeleza mfumo wao wote wa alama, na kwa vile uko Bologna utafurahi kujua hizi karatasi zilienea Ulaya kupitia ule mpango uliotiwa sahihi hapo hapo mjini kwenu, Juni 1999. Huku nyumbani karatasi zako zitaenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kule Gigiri, wazitambue. Waandikie sahii ukiwa bado Italia uulize wanataka nini na wanataka ihalalishwe na nani, juu kama ni muhuri wa Prefettura, hio ofisi uko nayo kilomita chache na mwezi ujao itakua ng'ambo ya bahari.

Viatu, jibu ni hapana. Andika mesiji moja kwa grupu, "nakuja na vitabu na kilo 23, nawapenda wote," alafu uzime sauti ya hio grupu mpaka utue JKIA. Nunulia mama na baba, na huyo mtu mwingine mmoja unamjua mwenyewe alikutumia pesa wakati hakuna aliyekua anakuuliza kama umekula. Basi. Euro mia mbili ya viatu ndio ungetumia kwa matatu na nyumba mwezi wa kwanza ukitafuta kazi, na hao binamu hawatakukopesha.

Umebaki na jioni za bure? Panda mpaka kanisa la San Luca kwa miguu, ile njia ya kufunikwa ina matao 666 na karibu kilomita nne, beba maji, enda jua likipungua. Na usiku kuna sinema ya bure Piazza Maggiore, beba wale marafiki wako wa jikoni, wale mmeosha vyombo nao.

ALAMA GANI HIZI?

Anti, mimi ni baba wa mwanafunzi. Msichana wangu amemaliza kule Milano, ametupigia na furaha anasema amepata 98. Nikamwambia vizuri sana umebakisha mbili. Akacheka, anasema sio kwa mia. Kwa hivo ni kwa ngapi, na ni fasti klasi ama si fasti klasi? Nimeulizwa kanisani na sikua na jibu.
Baba wa Kinoo

Baba, ni 98 kwa 110. Kule digrii ya chini kabisa ya kupita ni 66 na ya juu ni 110, na ukifanya maajabu wanaongeza lode, sifa, juu yake. Mtihani mmoja mmoja wanahesabu kwa 30, kupita ni 18, na kitu kitakushangaza ni kwamba mwanafunzi anaweza kukataa alama akaambia profesa asante lakini nitarudi kufanya tena, na profesa hakasiriki. Kwa hivo mtoto wako amefanya vizuri, sema hivo kanisani bila wasiwasi. Lakini mambo ya fasti klasi waachie CUE, usimsukume aiandike kwa siivii yake mwenyewe, mwajiri akipiga hesabu tofauti na ya mtoto inakua stori nyingine.

NIRUDI AMA NIBAKI?

Anti vipi. Niko Torino, nimemaliza mastazi ya uhandisi, permesso yangu, ile kibali ya kukaa, inaisha Oktoba. Wenzangu Wakenya wawili wanasema nisirudi, ati kurudi ni kushindwa, nitafute kitu chochote hata kuleta pizza na baiskeli. Mimi nimechoka lakini pia naona nikirudi bila kitu nitachekwa. Kuna njia ya halali ya kubaki kidogo nitafute kazi ya maana? Nasikia tu stori nusu nusu.
Sijui Nirudi, Torino

Kijana, njia iko na ni ya halali kabisa. Mtu aliyehitimu chuo cha Italia anaweza kuomba permesso ya kutafuta kazi, inakua ya miezi tisa mpaka 12. Kitu cha muhimu ni uombe kabla ya hii ya masomo kuisha, kwa hivo usingoje Oktoba. Unachukua ile kit ya fomu kwa posta kama zile zingine umejaza, na wataangalia kama una mahali pa kulala, bima ya afya, na pesa ya kujikimu. Ukipata kazi ya kueleweka unabadilisha iwe permesso ya kazi, na tangu 2023 wanaobadilisha kutoka masomo hawangoji tena ile kota ya kila mwaka, idadi ya vibali serikali inatoa, hio ilikua inaumiza watu sana.

Angalizo moja kwa vile najua mtataka kuja nyumbani katikati. Ukiwa umebaki na risiti tu ya posta na kadi imeisha, usinunue tiketi ya kupitia Paris ama Amsterdam. Hio risiti inakutoa Italia na kukurudisha Italia, lakini kupita nchi zingine za Schengen ni shida. Pitia Addis Ababa, ama Doha, ama Istanbul, utoke Italia moja kwa moja nje ya Schengen.

Sasa hio ingine ya kubaki kwa sababu ya kuchekwa. Kwa permesso ya masomo umekua unaruhusiwa masaa 20 kwa wiki na unajua hio pesa ilikua inaishia wapi. Jiulize kama Kiitaliano chako kinaweza kukaa kwa intavyuu ya ufundi dakika 40, sio cha kuagiza kahawa. Kama kinaweza, na kuna kampuni umeshaongea nazo, chukua hio miezi, Torino ni mji wa mainjinia na utakua mjinga kuondoka mbio. Kama hakiwezi na mpango wote ni baiskeli ya pizza ukingoja bahati, rudi ukiwa na digrii mpya na nguvu. Hao wenzako wawili, uliza walivyopanga maisha yao kabla uchukue ushauri wao. Watu wa Torino na Kenya wanajuana kitambo, wamisionari wa Consolata walitoka huko wakafika hapa 1902, na hakuna aliyewaambia wameshindwa kwa kuondoka Torino.

MTOTO ANARUDI NA CHAMA KINANGOJA

Dada, mimi ni mama wa Kayole. Kijana wangu anamaliza Pavia mwezi huu, tumekaa bila kuonana miaka mitatu. Wakati wa kwenda nilichukua mkopo kwa chama chetu, tiketi na ile pesa ya kuonyesha ubalozi, na mpaka leo nalipa kidogo kidogo. Sasa wamama wa chama wamejua anarudi na wananiambia tulia, deni limeisha. Kaka yangu naye anataka sherehe kule nyumbani Murang'a, hema, viti, mbuzi wawili, na anasema gharama kijana atasaidia juu ametoka Ulaya. Mimi najua kijana hana kitu lakini sijui nitawaambia aje bila kumwaibisha. Na sitaweza kwenda kumwona akihitimu, hio inaniuma zaidi.
Mama wa Kayole

Mama, pole, hio ya mwisho ndio nitaanza nayo. Tangu 2020 vyuo vingi vya Italia vimezoea kurusha kutetea kwa mtandao, mwambie akutumie linki, na muangalie masaa, Julai Italia iko nyuma yetu saa moja, kwa hivo wakianza saa tatu asubuhi yao wewe uwe umeshika simu saa nne. Utaona amevikwa taji la majani kichwani, ni majani ya laurusi, ndio desturi. Na baadaye ukiona picha marafiki wamemvisha nguo za ajabu na kummwagia vitu usishtuke ukafikiri amepotea, wanamtania tu, kule hata mtoto wa jaji anafanyiwa hivo siku ya kuhitimu.

Sasa chama. Wewe unajua ukweli, na mimi naongeza tu hii ili uwe na maneno ya kusema: mwanafunzi kule ana skolaship ya kula na kulala na masaa machache ya kibarua, na miezi ya mwisho ndio mibaya zaidi juu depositi imeshikwa na mwenye nyumba, tiketi imenunuliwa, na kibarua ameacha. Mtu anayerudi kutoka masomoni anarudi na karatasi. Kuna mtu anaondoka Nairobi na elfu kumi mfukoni na anarudi na elfu tatu, na hajapoteza kitu.

Kwa hivo wamama waambie wewe mwenyewe, kabla atue, kwenye mkutano na sio pembeni. Sema deni ni langu, nitaendelea kulipa vile nimekua nikilipa, na kijana akipata kazi mimi na yeye tutakaa chini. Omba wapange upya kama awamu imekulemea, chama kilichokukopesha ukiwa huna mtu Ulaya kinaweza kukuskiza. Ukinyamaza ukitumaini itajulikana yenyewe, siku ya kwanza akitoka nje kwenda duka mmoja atamwambia "umetuletea?" na hio ndio aibu ulikua unaogopa.

Kaka yako na mbuzi wawili, huyo mwambie kwa sauti ya dada mkubwa. Mwenye kutaka hema alipe hema. Mimi ningefanya chapati na kuku nyumbani, watu wa karibu, Jumapili ya pili na sio ya kwanza, juu wiki ya kwanza huyo mtoto atalala kama mgonjwa na atakua mkimya na utafikiri anakuficha kitu. Hakufichi. Anakumbuka watu ameacha. Muulize majina yao, marafiki wa kule, mwache aongee usiku, mambo ya kazi muanze baadaye kidogo, lakini CUE aende mapema juu hio foleni haingojei hisia.

NIBEBE NINI?

Anti niambie ukweli, niko Padova narudi na begi moja ya kilo 23 na ile ya mkononi. Nataka kubeba moka ya kupika kahawa, blenda yangu, mafuta ya zeituni lita tano, prosciutto ya broo, divai chupa nne za wazee, na vitabu. Nimepima kila siku kwa mizani ya bafu na kila siku imezidi.
Mzigo Mzito, Padova

Mzigo Mzito, blenda acha. Plagi ya kule ni zile pini za mviringo na hapa soketi zetu ni za pini tatu kubwa, utaanza kununua adapta kwa kitu ambacho kiko hapo Luthuli Avenue. Moka beba, ni ya alumini haina uzito, inakaa kwa gesi yako vizuri, hio chombo iko tangu 1933 na bado haijapata mshindani nyumbani kwangu. Ndani yake jaza soksi.

Mafuta punguza iwe lita moja ama mbili, yafunge kwa nguo katikati ya begi kubwa, na sio ya mkononi, juu ya mkononi viwanja vingi bado vinataka mililita mia moja kila chupa na watakunyang'anya ukiona. Prosciutto acha, bidhaa za nyama zinataka kibali cha idara ya mifugo na hutaki kuanza hio stori JKIA saa nane usiku na kipande cha nguruwe mkononi. Divai, forodha inaruhusu lita mbili bila ushuru, chupa za kawaida ni mililita 750, kwa hivo mbili ziko sawa na ya tatu tayari imevuka. Wazee wagawane. Na zile mifuko za plastiki za dyuti fri toa ukiwa kwa ndege, Kenya tulizipiga marufuku 2017 na bado watu wanashtuka.

Vitabu ndio vinakuua kwa mizani. Vile viko kwa maktaba ya hapa ama kwa PDF, mpe mwanafunzi mwingine. Vile umeandika pembeni na kalamu, hivo beba hata kama ni vizito. Nafasi ikibaki, na hii ni ubinafsi wangu, weka pakiti ya polenta bianca, ile unga nyeupe ya huko Veneto. Ndio ilikua ugali yenu miaka yote, si ndio? Mpikie mama yako akuambie kama walikua wanakudanganya dukani.

NA HUYU JE?

Anti, nina mpenzi hapa Napoli, tumekua pamoja mwaka mmoja. Narudi wiki ijayo. Anasema nisilie, atakuja Disemba tukutane Malindi juu mjomba wake aliwahi kuishi huko. Ni ukweli ama ananipooza?
Msichana wa South B, Napoli

Ya mjomba inaweza kuwa kweli kabisa, Malindi Waitaliano wamejaa, walikua wanarusha roketi kutoka hapo baharini miaka ya sitini kwa mradi wa San Marco, na leo ukitembea sokoni wauzaji wanakusalimia kwa Kiitaliano kabla ya Kiswahili. Lakini mjomba hajulishi kitu kuhusu kijana. Mwitaliano kuingia Kenya tangu Januari 2024 anaomba kibali cha eTA kwa mtandao kabla ya kusafiri, na anahitaji kuonyesha atakaa wapi. Kwa hivo usimuulize kama anakupenda, muulize kama amejaza fomu, na kwa sehemu ya malazi ameandika nini. Akiandika South B kwa wazazi wako badala ya hoteli ya Malindi, niandikie tena, hapo tutakua na mengi ya kuongea.